Reli na Kitanda Chake

Mlango wa kwanza nilioharibu ulikuwa wa mninga. Mama mmoja wa Magu alikuwa anamalizia nyumba, akaniletea mbao zake mwenyewe, zilizokuwa zimekaa stoo miaka mitatu zikikauka taratibu. "Mwanangu," aliniambia, "hizi alizinunua marehemu baba yenu kabla hajaugua. Nichongee mlango wa mbele, uwe na ngoma kama zile za Bujora."

Bujora haiko mbali na karakana yangu. Kila mtu wa Kisesa anazijua ngoma za pale kwenye makumbusho ya Wasukuma, kwa hiyo sikuhitaji kuuliza anataka nini. Nilizichora kwenye kompyuta, tatu juu na mbili chini, na nikaiwasha mashine usiku, kwa kuwa usiku umeme ulikuwa unatulia. Nilikaa nayo hadi alfajiri nikifagia unga wa mbao kwa brashi. Kulipokucha mlango ulikuwa unapendeza macho.

Ubaya ulijitokeza tulipopaka vanishi. Msaidizi wangu alikuwa ameshika taa ya mkononi upande wa kushoto wa mlango, mwanga ukawa unalala juu ya ubao badala ya kuupiga usoni. Hapo tukaona. Kandokando ya kila ngoma kulikuwa na vijistari vilivyofuatana, kama maji ya ziwa upepo unapoanza kuamka. Nikapitisha ukucha juu yake, ukawa unagonga kila baada ya milimita mbili hivi. Nikachukua rula, nikapima ngoma ya katikati: upana wake ulikuwa mdogo kuliko urefu wake kwa karibu milimita moja na nusu. Ngoma ilikuwa yai.

Yule mama hakunigombeza. Alipitisha kiganja juu ya ubao, akanyamaza, kisha akauliza kama mbao zilizobaki zinatosha mlango mwingine. Hazikutosha. Nilinunua mninga kwa fedha yangu, na kazi ya pili nikaifanya kwa patasi, mimi na mzee mmoja seremala, siku tisa. Ule mlango wa kwanza alikataa nisiutupe. Uko kwenye chumba chake cha kulala mpaka leo, na kila ninapopita kumsalimia nauona.

Mwaka ulikuwa 2020, na mashine ile niliijenga mwenyewe. Siku hizi mji wowote wenye wajenzi una mashine ya CNC ya kuchonga milango na vitanda, na nyingi zinaingia kutoka China zikiwa zimekamilika. Mimi sikuwa na fedha ya mashine kamili. Nilikuwa mchomeleaji wa mageti, najua chuma, nikaamua fremu nitaichomelea mwenyewe kwa skwea paipu, na vingine, yaani reli, mota na kompyuta, nitaagiza kidogokidogo. Meza yake ni mita 1.3 kwa mita 2.5, inayoingiza mlango mzima na nafasi ikabaki.

Reli ninayoisema si ya treni, ingawa baadaye ile ya treni ilinifundisha jambo. Ni fimbo ya chuma kigumu, iliyochongwa mifereji ubavuni, inayofungwa kwa bolti juu ya fremu. Juu yake hupanda kipande tunachokiita bloku, na ndani ya bloku kuna golori za chuma zinazozunguka kama shanga kwenye uzi usio na mwisho: zikifika mbele zinarudi nyuma kwa njia ya ndani. Ndiyo maana unaweza kusukuma kilo 60 kwa kidole kimoja. Wajapani wa kampuni ya THK ndio walioiuza kwanza kama bidhaa, mwaka 1972. Kabla ya hapo mashine nyingi ziliteleza chuma juu ya chuma kilichokwanguliwa kwa mkono, kazi ya mafundi wa miaka mingi. Ukubwa wa reli hutajwa kwa namba inayokaribia upana wake wa milimita: 15, 20, 25, 30, 35, 45 na kuendelea. Ukienda dukani au ukimpigia wakala, swali la kwanza ni hilohilo: "Namba ngapi?"

Mimi nilichagua 15, na sikukisia. Katalogi niliyokuwa nayo ya HIWIN, kampuni ya Taiwan, iliipa bloku moja ya namba hiyo uwezo wa kilonyutoni 11.38, yaani uzito unaozidi tani moja. Daraja langu, ile sehemu inayovuka juu ya meza ikiwa imebeba mota ya kuchongea, lilikuwa na kilo 60 pamoja na kila kitu. Limekalia bloku nne. Kila bloku kilo 15, na uwezo wake ni tani. Hata mtoto wa darasa la nne angeniambia inatosha.

Tena katalogi hizo zina hesabu ya maisha ya reli. Unagawa uwezo wa bloku kwa mzigo halisi, jibu unalizidisha lenyewe mara tatu, kisha unazidisha kwa kilomita 50. Ukiongeza mzigo mara mbili, maisha yanapungua hadi moja ya nane, kwa hiyo si hesabu ya kuchezea. Nikaiweka mizigo yangu juu kupita kiasi, nusu kilonyutoni kwa kila bloku, nikapata karibu kilomita 590,000. Ni safari ya kwenda mwezini na kurudi zaidi ya nusu ya njia. Reli zangu zilianza kukwaruza mwezi wa tano.

Hesabu haikuwa na kosa. Hilo ndilo lililonisumbua muda mrefu, kwa sababu ukikuta kosa kwenye hesabu unalirekebisha na kulala. Mimi nilikuwa nimejibu kwa usahihi swali ambalo mashine haikuniuliza.

Mashine ilikuwa inauliza habari ya mkono. Mota ya kuchongea inaning'inia mbele ya daraja, na ncha ya biti iko chini kabisa, sentimita 30 kutoka kwenye bloku zinazoishikilia. Biti inapokula mninga, ubao nao unaisukuma. Chukua msukumo wa nyutoni 250, sawa na kuegemewa na mfuko wa mchele wa kilo 25. Kwa urefu ule wa sentimita 30, unazaa mkunjo wa nyutonimita 75. Sahani ya mota yangu ilishikwa na bloku mbili tu, moja kwenye reli ya juu na moja kwenye reli ya chini. Katalogi hiyohiyo, kurasa chache mbele ya pale nilipoacha kusoma, inasema bloku ya 15 inavumilia mkunjo wa namna hiyo hadi nyutonimita 100. Kwa hiyo haikuvunjika. Ilichofanya ni kulegea kidogo kila biti ilipogeuza njia, na kilichokuwa unywele kwenye bloku kilifika kwenye ncha ya biti kikiwa kimezidishwa mara saba. Ngoma ikawa yai.

Mama yangu aliwahi kunielewesha jambo hili bila kujua, nilipokuwa nimekaa jikoni kwake nikiwaza. Alikuwa anasonga ugali wa watu wengi, kulikuwa na msiba jirani. Mwiko ule mrefu aliushika mkono mmoja juu kabisa na mwingine chini karibu na sufuria. Nikamwangalia binti aliyempokea, ameikusanya mikono yake miwili pamoja kule juu, mwiko unamshinda, unazunguka unavyotaka. Mama akamwambia, "Tanua mikono, mwanangu." Binti yule hakuongezewa nguvu. Alitanua mikono, na ugali ukasongeka.

Bloku nazo ni mikono. Laiti ningeweka mbili kwenye kila reli, zikiachana sentimita 18, mkunjo uleule ungegawanyika kuwa jozi ya misukumo midogo ambayo hata reli ya 15 isingeihisi. Ningeongeza bloku mbili tu na sahani pana zaidi. Lakini wakati huo sikuwa nimeunganisha mwiko na mashine. Niliunganisha baadaye, baada ya kufanya kosa la pili, ambalo lilinigharimu zaidi.

Kosa la pili nililifanya kwa kushauriwa. Nilimpigia muuzaji Dar es Salaam, nikamweleza mawimbi, naye akanijibu kwa neno moja ambalo kila fundi amelisikia: panda namba. Nikapanda. Sikupanda hadi 20 wala 25, nilikwenda moja kwa moja hadi 30, kwa hasira ya mtu aliyeaibika mbele ya mjane. Ziliingia kwa basi, zaidi ya kilomita 1,100 za barabara, zimefungwa kwenye mbao na nailoni. Reli ya 15 ina uzito wa kilo 1.45 kwa mita. Ya 30 ina kilo 4.47. Nilipozibeba begani kutoka stendi nilijisikia nimebeba jibu.

Nilizifunga kwa bolti za M8, nikakaza kwa alenki mpaka mkono ukauma. Kisha nikalisukuma daraja. Mwanzoni liliteleza kama siagi. Lilipofika katikati likakaza. Nikasukuma kwa mikono miwili, likapita, mbele likalegea tena. Nilipowasha mota, zilipiga kelele pale katikati na kuruka hatua, na mashine ikawa inaamini iko mahali ambapo haipo. Nikalegeza bolti mbili za katikati. Kukaza kukahamia pengine. Wiki nzima nilikuwa nafukuza kigugumizi kile kutoka mwisho mmoja wa meza hadi mwingine.

Reli mbili zinazotembea pamoja zinatakiwa zisiachane wala zisikaribiane zaidi ya milimita 0.03 hivi, kwa saizi hizi tunazotumia. Unywele wa kichwa ni mnene kuliko hapo. Reli ya 15 ni nyembamba, ukiikaza inafuata fremu, ikikuta bonde inashuka, ikikuta kilima inapanda, na bloku zinavumilia kwa kiasi. Ya 30 haifuati. Ukizidisha unene wa chuma mara mbili kila upande, ugumu wake wa kupinda unazidi mara 16. Kwa hiyo kwenye meza yangu palikuwa na mvutano: reli inataka kunyooka, fremu ya skwea paipu ya milimita tatu inataka kubaki ilivyo, na bolti za M8 zinalazimisha ndoa. Mahali pengine paipu ilibonyea. Mahali pengine reli ilibaki inaelea, chini yake unaona mwanga. Fila geji ya milimita 0.4, yaani kibati cha kupimia mianya, ilipita bila kugusa.

Nilikuwa nimeweka nguvu zaidi juu ya kitu ambacho ndicho kilikuwa kibovu.

Mwaka 2021 ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Mwanza kwenda Isaka ulipoanza, kilomita 341, nilikuwa napita mara kwa mara barabara ya Kisesa hadi Usagara kupeleka mageti. Upande wa Fela nilikuwa naona magreda na malori. Mwezi ukapita, mwingine ukapita, na mimi nikawa natafuta reli kwa macho siioni. Palikuwa na udongo tu: unamwagwa, unamwagiliwa maji, unashindiliwa, unapimwa na vijana wenye darubini za miguu mitatu, halafu unamwagwa mwingine juu yake. Babu yangu alikuwa akitusimulia habari za reli ya kwanza, ile iliyofika Mwanza mwaka 1928 kutoka Tabora, na mara zote alisimulia tuta na mataruma na kokoto za kupasua kwa nyundo. Sikumbuki alitaja hata siku moja unene wa chuma chenyewe. Nilisimamisha pikipiki pale kando ya tuta na kukaa muda. Nilijua nikirudi nitaifungua mashine yote.

Kuifungua ni kazi rahisi. Kujua imepinda wapi, hiyo ndiyo kazi. Sikuwa na meza ya kupimia wala rula ya mita tatu iliyonyooka kweli. Mjomba wangu ni fundi wa mitumbwi kule Igombe. Nilimpelekea shida yangu kwa sababu yeye ananyoosha mkuku wa mtumbwi wa mita tisa kwenye mchanga, bila umeme.

"Mpwa wangu, una mshipi?" aliniuliza.

Alikuja Kisesa na mshipi wa nailoni, ule mwembamba wa kuvulia. Akaufunga ncha moja ya fremu, upande wa pili akauning'iniza kwa jiwe zito ili uvutike muda wote kwa nguvu ileile. Chini ya mshipi, kila mwisho, akaweka kipande cha bati chenye unene sawa. Kisha akaniambia niingize fila geji kati ya mshipi na chuma, kila baada ya shubiri moja, na niandike. Mshipi unaning'inia kidogo katikati hata ukivutwa, aliniambia, kwa hiyo habari ya juu na chini usiuamini moja kwa moja. Lakini kwa ubavu haupindi hata kidogo, hapo uuamini kuliko macho yako. Juu na chini tulihakiki kwa mpira wa maji wa waashi.

Nina karatasi ile mpaka leo. Katikati ya fremu palikuwa chini kwa milimita 1.4. Upande wa kulia ulikuwa umejikunja kama mtu aliyelalia ubavu, kwa sababu nilichomelea vipande vya upande mmoja vyote mfululizo, joto likauvuta. Milimita 1.4, na mimi nilikuwa nabishana na dunia habari ya 15 au 30.

Tulichofanya baada ya hapo ndicho ninachokipenda kuliko kazi yote niliyowahi kuifanya. Nilizungushia sehemu za kukaa reli kuta ndogo za plaiwudi, nikaziba nyufa kwa udongo wa kuchezea wa watoto, na nikatengeneza mfereji unaounganisha upande wa kushoto na wa kulia. Nikachanganya epoksi nyepesi ya kukauka taratibu. Mjomba alitaka tusubiri jioni, upepo wa ziwani utulie na barabara ipungue vumbi. Saa moja usiku nikamimina. Ilisambaa taratibu, ikapita kwenye mfereji, ikapanda upande wa pili, ikasimama. Tukazima taa ili wadudu wa ziwani wasiifuate, tukatandaza nailoni juu ya fito. Kwa mwanga wa simu nikaona dari ya bati imo ndani ya epoksi, imenyooka, mistari yake haijavunjika popote. Nilikuwa nimetafuta unyoofu kwa grainda na nyundo miezi minane, na kimiminika kilikuwa kimeupata chenyewe kwa kulala tu, kama ziwa linavyoupata kila usiku.

Tuliiacha siku tano. Juu yake nikafunga reli za 20.

Kwa nini 20? Hadi hapo nilikuwa na fremu iliyonyooka, kwa hiyo kwa mara ya kwanza swali la namba lilikuwa na maana. Ya 15 ingeweza kubeba, hilo nilikuwa nimelihesabu. Lakini inafungwa kwa bolti za M4, ambazo kwenye paipu yenye uzi wa kukatwa kwa mkono zinachomoka upesi. Ya 20 inachukua M5, na mkunjo wa ubavuni inaovumilia ni nyutonimita 270 dhidi ya 120 za ile ndogo. Uzito wake ni kilo 2.21 kwa mita, na zile zinazokaa kwenye daraja mota zangu zinazivuta bila kulalamika. Mtu anayechonga alumini, au aliyejenga daraja zito la chuma tupu, mimi ningemwambia achukue 25. Juu ya hapo, kwa kazi ya mbao ya saizi hii, sioni sababu. Zile za 30 nilimuuzia fundi wa Geita aliyekuwa anajenga mashine ya kukatia mawe, na zimemfaa.

Reli ya kwanza niliinyoosha kwa mshipi, nikaikaza yote. Ya pili niliiacha imelegea, nikalifunga daraja, nikalitembeza mwanzo hadi mwisho, na kila lilipopita nikakaza bolti zilizo chini yake, hivyo reli ya kwanza ikamwonyesha mwenzake pa kukaa. Kwenye sahani ya mota nikaweka bloku nne zilizotanuka. Golori nazo hazipendi unga wa mninga: ukichanganyika na grisi unakuwa uji wa kusagia chuma, na ndio uliokwaruza zile za mwanzo. Sasa nimezifunika kwa mkanda wa ngozi, na kila Jumamosi jioni tunafuta na kutia grisi mpya, hata kama kuna harusi.

Mwezi uliopita alikuja kijana kutoka Igoma, simu mkononi, picha za reli zimejaa.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, karibu."

"Naomba msaada wa namba. Nimeambiwa nichukue 25, mwingine ananiambia 35 ndiyo ya uhakika. Fedha ninayo ya kununua mara moja tu."

Nilimuuliza zitakaa juu ya nini. Akaniambia fremu ameshaimaliza, iko kwao, imepakwa na rangi. Nikachukua mshipi, fila geji na lile jiwe la mjomba, tukapanda daladala. Fremu yake ilikuwa imechomelewa vizuri kuliko yangu ya kwanza, nilimsifu kwa hilo na nilimaanisha. Tukafunga mshipi. Akapiga magoti kwenye vumbi, akafumba jicho moja, akatazama kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Alikaa hivyo muda mrefu. Halafu akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akaniomba fila geji.